Ile ramani ya mwewe iliyozunguka kwenye grupu



Nimechelewa kuandika juu ya ile ramani. Mnaikumbuka. Iliingia kwenye grupu letu la WhatsApp usiku, ile saa rezo inarudi kidogo na mafoto ya mchana mzima yanaanguka kwa pamoja. Mstari mmoja, karibu umenyooka, unapanda toka Afrika Kusini mpaka Ufini, ile Finlande ya ramani zetu za shule. Chini yake maneno machache: kozi mmoja alifungwa chombo cha satelaiti Afrika Kusini, akaruka zaidi ya kilomita 10,000 kwa siku 42 tu, kama kilomita 230 kwa siku. Watu wakaweka mioyo, wakaweka makofi. Mmoja wetu akaandika: "Huyu hana pasipoti, hana viza, na hakuna mtu wa kumwomba sukari ku mpaka." Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na nikaituma kwa watu watatu kabla ya kuisoma vizuri.

Sasa nimeisoma. Kwenye ukurasa huu tumezoea kupima vitabu, filamu na nyimbo. Leo naomba ruhusa nipime ramani, sababu ramani nayo ni maandishi. Kuna mtu aliyeitengeneza, kuna mtu anayetakiwa aishangae, na kuna vitu vilivyoachwa nje.

Tuanze na makosa ya wazi. Yule ndege si kozi. Ni yule Wafaransa wanamwita bondrée apivore. Mimi hapa nitamwita mwewe wa nyigu, sababu hiyo njo kazi yake. Hakufungwa chombo Afrika Kusini. Alifungwa kwao Ufini, na wanaomfuata ni watu wa jumba la makumbusho ya viumbe la Helsinki. Safari iliyochorwa, ile ya 2020, ilikuwa ya kurudi kutaga, si ya kwenda kutalii.

Utaniuliza: kozi, mwewe, tofauti iko wapi? Iko kubwa. Kozi ni ndege wa mbio, anakamata wenzake hewani, anapendeza kwenye bendera na kwenye matangazo ya magari. Mwewe wa nyigu anatembea chini kama kuku. Anafukua udongo kwa miguu mpaka anapata kiota cha nyigu, anakivunja, anakula mabuu. Uso wake una manyoya madogo, magumu, yamepangwa kama magamba ya samaki, ili miiba isipite. Kwa macho yangu huyo ni ndege wa ajabu kuliko kozi. Lakini aliyeandika yale maneno alihitaji shujaa, na mla mabuu hawezi kuwa shujaa. (Sisi tunaokula viwavi tungemwelewa haraka sana, ila hatukuulizwa.)

Hata ule mstari ulionyooka unadanganya kidogo. Ndege huyu hapigi mabawa toka asubuhi mpaka jioni. Anatafuta hewa moto inayopanda kutoka ardhini, anazunguka ndani yake mpaka juu, kisha anateleza mbele, anatafuta nyingine. Juu ya bahari hewa ile ni haba, kwa hiyo wengi wao wanazunguka, wanavuka mahali maji yanapokuwa membamba: Gibraltar, Bosphorus, au wanapita pembeni kabisa mwa Mediterania upande wa mashariki. Watoto wao ndio wa kusikitikia. Wazazi wanatangulia kuondoka Ulaya, mtoto anafuata peke yake, hajawahi kuiona njia, na upepo unamsukuma. Watafiti waliofunga vyombo kwa watoto wa mwewe wa Ufini waliona kwamba upepo aliokutana nao njiani ndio kwa sehemu kubwa unaoamua ataishia wapi: mmoja Afrika ya Magharibi, ndugu yake huku Kongo. Ukichora njia zao zote pamoja haupati mstari, unapata ufagio. Ufagio haupati makofi mengi, kwa hiyo tuliletewa mstari.

Haya. Hayo ni makosa ya wanaosambaza, si ya wanasayansi, na sitaki kumpiga mtu kwa fimbo ya mwingine. Kinachonisumbua zaidi kiko hata kwenye ramani zilizochorwa vizuri, zile za wataalamu wenyewe.

Kuna neno wanalolipenda kwa Kifaransa: hivernage. Kupitisha majira ya baridi. Eti mwewe anakuja Afrika ya Kati "kupitisha baridi". Hebu tuhesabu pamoja. Anafika Ulaya katikati ya mwezi wa tano. Mwisho wa mwezi wa nane anaanza kuondoka. Hiyo haifiki hata miezi mine. Miezi mingine yote yuko njiani au yuko kwetu. Mtoto wake akishuka mara ya kwanza, kwa kawaida mwaka unaofuata harudi kabisa. Anabaki huku anakua. Sasa mtu anayelala kwako miezi saba, na mtoto wake anakulia kwako, huyo ni mgeni wa aina gani?

Na baridi gani hiyo? Sisi wa Katanga baridi tunaijua. Inakuja mwezi wa sita na wa saba, asubuhi unaona watu wa barabara ya Kipushi wamevaa makoti mazito, mikono iko mifukoni. Wakati huo mwewe yuko Ulaya kwenye jua, anatunza kifaranga. Anakuja kwetu na mvula na anaondoka na mvula. Baridi yetu haijui hata siku moja! Neno "kupitisha baridi" linahesabu majira kwa kalenda ya Helsinki na linaiweka juu ya kichwa cha Kolwezi. Sisemi wamelitunga kwa ubaya. Nasema neno likikaa muda mrefu linaanza kufikiri kwa niaba yako: huko ni nyumbani, huku ni mahali pa kusubiria tu.

Angalia pia ramani zenyewe. Upande wa Ulaya utaona miji, mito, wakati mwingine hata jina la msitu ambamo kiota kiko. Ukishuka kwetu unakuta rangi moja ya kijani na vidoti. Vidoti vinakaa pale miezi sita, na chini ya vidoti hakuna mto, hakuna kijiji, hakuna mtu anayechoma makala, hakuna shamba. Ni kama ndege ametua hewani.

Nilitaka kujua kwa nini, na hapo nikajifunza kitu ambacho mtu yeyote wa kwetu atakielewa haraka kuliko profesa wa Ulaya: ni mambo ya rezo.

Vyombo vile haviko vya aina moja. Kuna vinavyotuma ishara mpaka satelaiti moja kwa moja. Hivyo vinasikika hata katikati ya msitu. Kuna vinavyotumia rezo ya telefone ya kawaida: mahali hakuna antena vinaweka habari tumboni, vikifika penye rezo vinatapika yote. Warusi waliipata mwaka 2019. Tai wao mmoja, jina lake Min, alikaa Kazakhstan nje ya rezo, mesaji zikajaa, kisha akaingia Irani na zikaanza kutoka zote kwa bei ya ugenini, rubo 49 kila moja. Pesa ya utafiti ikaisha. Watafiti wakawaomba watu mtandaoni waweke inite kwa telefone ya tai, na watu waliweka, mpaka kampuni ya telefone yenyewe ikafuta deni. Nani kati yetu hajawahi kuwa huyo tai?

Na kuna aina ya tatu, kama ile iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam na kufungwa kwa mwewe wa nyigu wa Uholanzi. Hiyo haitumi kitu njiani. Inaandika kila kitu, na habari inachukuliwa ndege akirudi karibu na kiota chake, kwenye antena iliyowekwa pale.

Tulia hapo kidogo. Maana yake ni hii: ndege anayekufa kwetu anaweza asiseme kitu. Ukiwa na chombo cha aina ya tatu, asiporudi, amenyamaza milele. Ukiwa na chombo cha telefone na akafa katikati ya msitu wa Tshopo mahali rezo haijafika, amenyamaza pia. Ramani nzuri za vyombo hivyo ni za waliorudi, au za waliobahatika kufa penye rezo. Kidoti kikiacha kuonekana juu ya Kongo, aliyeko Ulaya anaweza tu kukisia: amekufa? chombo kimeharibika? mtu amempiga? Na mtu anayejua, yule aliyemwona amelala chini ya mti, anapita na pikipiki yake kwenda sokoni, hana wa kumwambia.

Zamani haikuwa hivyo, na hii ndiyo sehemu iliyonishangaza. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, watu waliua korongo aliyekuwa na mshale mrefu, kama sentimita 80, umepita shingoni. Mti wa mshale ulikuwa wa Afrika ya Kati. Mpaka siku zile kulikuwa na wasomi wa Ulaya walioamini kwamba ndege wengine wanalala chini ya maji ya ziwa wakati wa baridi. Korongo yule bado yuko, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa hiyo alama ya kwanza iliyowafundisha Wazungu ndege wao wanakwenda wapi iliwekwa na mkono wa mwindaji wa huku, aliyekuwa anatafuta mboga tu, na ndege akamponyoka.

Baadaye ikaja pete. Mdenmark Mortensen alianza mwaka 1899 kuvalisha ndege pete za alumini zenye anwani. Pete haisemi mpaka mtu aikute. Hapo tena mtu wa huku alihitajika: mwindaji, mvuvi, mkulima, aliyemkuta ndege, akaona namba mguuni, akampelekea mwalimu au padri, ikaandikwa barua. Maarifa yalipita kwenye mikono ya mtu mwenye jina na kijiji. Chombo cha satelaiti kimeondoa barua ile. Ni kazi nzuri, sikatai. Kidoti kwa saa ni bora kuliko pete moja kwa miaka kumi. Lakini mtu aliye chini ameondolewa pamoja na barua, na hakuna aliyesimama kumlilia, hata sisi wenyewe.

Tena mtu huyo anaweza kuingia matatani. Mwaka 2011 Saudia walimshika tumbusi mwenye chombo cha Chuo Kikuu cha Tel Aviv, watu wakaanza kusema ni jasusi. Sudani nayo ilikuwa na kesi kama hiyo mwaka 2012. Wenzangu wa Goma, nawauliza nyinyi: siku ndege mwenye antena mgongoni akianguka Masisi, yule mkulima atakayemwokota atakuwa salama kwa nani?

Sasa lazima nijitaje.

TFC yangu ilikuwa juu ya asali ya msituni, upande wa barabara ya Likasi. Nilikaa na mzee mmoja mvuna asali wiki tatu. Siku moja tulikuta shimo limefukuliwa, vipande vya sega la nyigu vimetapakaa kama karatasi iliyopasuliwa. Nikasema ni mnyama. Mzee akacheka. "Hapana, mwana. Ni ndege. Anakuyaka na mvula, anachimbuaka manyigu mu udongo. Mvula ikiisha, haumuone tena." Nikamuuliza anakwenda wapi. "Njo kazi yenu ba masomo kunielezea." Nikaandika maneno yake, nusu ukurasa, pamoja na mwezi aliosema anamwona mara ya kwanza na aina ya miti anayokaa. Nilimuahidi kitabu kikiisha nitamletea kopi.

Msimamizi wangu alirudisha ule ukurasa na neno moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Source?" Sikuwa na sosi. Nilikuwa na mzee. Nikafuta nusu ukurasa nzima, nikaweka pale aya moja kutoka kwa kitabu cha Kifaransa juu ya nyuki wa Ulaya. Nilipata distinction. Simlaumu msimamizi peke yake, ningeweza kubishana naye. Sikubishana sababu na mimi ndani yangu niliamini kwamba mzee si sosi.

Kwa hiyo nikilalamika kwamba ramani ya Helsinki haina mtu wa kwetu, nakumbuka mtu wa kwetu mmoja nilimfuta mimi mwenyewe.

Na mahali mtu wa chini hakufutwa, mambo yalikwenda vingine. Miaka ya 1990 Wamarekani walikuwa na mwewe wao anayeitwa Swainson, alikuwa anapungua na hawakuelewa kwa nini. Kwao kila kitu kilikuwa sawa. Wakafunga vyombo. Ishara zikawapeleka La Pampa, Ajentina. Hawakubaki na vidoti, walikwenda. Kwenye mashamba wakakuta mizoga chini ya miti. Wakulima walikuwa wanapiga dawa ya monocrotophos kuua panzi, na mwewe wale wanakula panzi. Katika msimu wa 1995 na 1996 walihesabu mizoga zaidi ya 5,000, na walikadiria waliokufa walifika 20,000. Ramani haikuonyesha dawa, ilionyesha mahali pa kuuliza tu. Waliojibu ni watu wa mashamba yale, na dawa ile ikaondolewa kwenye mashamba yao.

Mfano wa pili ni wa kozi kweli, kozi wa Amur, anayetoka Asia ya Mashariki mpaka Afrika ya Kusini. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba kijiji cha Pangti, Nagaland, huko India, kilikuwa kinawanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu, wanauza nyama. Wakazi walizungumza na serikali, makanisa na watu wa mazingira, na mwaka uliofuata nyavu zilishuka. Mwezi wa 11 mwaka 2013 kozi watatu walifungwa vyombo vya satelaiti. Majina yao: Naga, Wokha na Pangti. Kabila, wilaya, kijiji. Walivuka Bahari ya Hindi wakaingia Somalia, na kule kijijini watu walikuwa wanafuata kidoti chenye jina lao. Waliokuwa wanakula ndege sasa wanamuuliza amefika wapi.

Mwewe wa nyigu mwenye jina Kasenga au Isangi, mimi bado sijamsikia.

Kuna wenzetu watasema, wanatuibia data. Sikubali haraka. Data nyingi za aina hii zinawekwa kwenye hifadhi moja inayoitwa Movebank, inasimamiwa na taasisi ya Max Planck, Ujerumani. Kujiandikisha ni bure. Kuna zilizofungwa, na nyingine ziko wazi kabisa, unashusha namba, unaweka kwenye ramani, unajua mwewe fulani alilala wapi tarehe fulani. Nilijiandikisha mwezi uliopita, ilikula megabaiti zangu lakini ilifunguka. Mwanafunzi wa Kisangani mwenye pikipiki na buti anaweza kwenda mahali pale pale na kuangalia kitu ambacho satelaiti haitaona kamwe: ndege anakula nini, mti gani, shamba gani limekatwa mwaka huu, nani anapiga dawa gani. Huyo hafanyi kazi ya msaidizi wa Helsinki. Ana nusu ya pili ya ramani, na Helsinki hawana.

Lakini atakapoandika, mtu fulani atakaa na kalamu nyekundu, na wengi wa watu hao siku hizi ni sisi, bandugu. Nusu ya grupu letu inafundisha. Mukiona kwenye TFC ya mwanafunzi imeandikwa "mzee wa kijiji fulani, tarehe fulani, alisema", mutaandika nini pembeni?

Wiki iliyopita nilitafuta namba ya mtoto wa yule mzee. Nilimtumia sauti, nikamweleza juu ya mwewe, Ufini, chombo, yote, dakika nne. Nikamuomba amuulize papa yake kama ndege ameisha kufika mwaka huu. Alijibu kesho yake kwa maandishi, mistari miwili: "Papa anasema mvula haijafika. Anauliza tena kama kile kitabu utaleta siku gani."